Dakika 30 za mwenye uoni hafifu

Mitihani ya muhula ikikaribia vyuoni hapa Mwanza, lalamiko hurudi: kwa nini wenzetu waongezewe muda? Anayelalamika ana sababu. Amekesha geto, karatasi imemlemea, anaambiwa aweke kalamu chini huku mwenzake mwenye ualbino akiendelea kuandika. Wahadhiri nao wana lao: darasa la watu mia tatu, wasimamizi wawili, ukumbi unasubiriwa na kozi nyingine. Nani abaki?

Lakini Baraza la Mitihani limeshalijibu hili. Watahiniwa wenye uoni hafifu hupewa karatasi zenye maandishi yaliyokuzwa, na huongezewa dakika 20 kwa kila saa kwenye Hisabati, 10 kwa kila saa kwenye masomo mengine. Mtihani wa saa tatu, basi, ni nusu saa ya nyongeza. Ukiwa wa Hisabati ni saa nzima. Sijasikia mtu akisema cheti chao cha kidato cha sita ni cha upendeleo. Mwanafunzi huyohuyo akiingia chuoni, nusu saa ile inageuka ombi: andika barua, msubiri mhadhiri, rudi kesho. Macho yake ni yaleyale aliyofanyia mtihani mwezi Mei.

Wengi hudhani miwani inatosha. Haitoshi. Kwenye ualbino, melanini (rangi ya asili ya ngozi, nywele na macho) ikipungua, sehemu ya katikati ya retina, ile inayoona vitu vidogo, haikui ikakamilika, na macho huchezacheza yenyewe. Miwani inasaidia, ila kasoro hiyo haiiondoi.

Nilisoma jirani na mmoja mwenye ualbino. Darasani alipiga picha ubao kwa simu, akaikuza kwa vidole viwili, akanakili, akapiga nyingine. Siku simu zilipokatazwa, daftari lake lilipata nusu ukurasa. Kwenye mtihani aliambiwa avue kofia, ndiyo sheria, kisha akakalishwa dirishani. Jua la saa nane likamulika karatasi. Aliweka kiganja cha kushoto juu ya nyusi na kuandika kwa wa kulia, karatasi ikimteleza mezani. Nusu saa ambayo wenzake waliiita zawadi iliishia kwenye kusoma maswali.

Hoja nzito zaidi ya upande wa pili ni kwamba kazini hakuna nyongeza. Naielewa. Ila kazini atakuza maandishi kwenye kompyuta na kukaa mbali na dirisha, na Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inakataza abaguliwe, iwe kwenye elimu au kwenye ajira.

Kwa Kanda ya Ziwa suala hili lina uzito wake. Huku wazazi waliwafungia watoto wenye ualbino ndani kwa hofu ya wauaji, na wengine wakawapeleka bweni katika Shule ya Msingi Mitindo, Misungwi, wakiwa wadogo sana. Aliyetoka huko akafika chuo kikuu asianze tena kubembeleza kila muhula.

Kibali kitolewe mara moja, siku ya usajili, kidumu miaka yote ya kozi. Hofu ya mtihani kuvuja haina nguvu hapa: karatasi ya maandishi makubwa ni faili lilelile na printa ileile, anayebadilisha ukubwa wa herufi ni mtunzi mwenyewe. Gharama inayobaki ni ya msimamizi mmoja na chumba kidogo chenye pazia, na hiyo chuo kiilipe.