Risiti ya Marehemu

Tumemzika baba mdogo Jumamosi, na mimi nimeshindwa kunyamaza. Nimejaribu. Mke wangu kaniambia achana nao, ndivyo walivyo, nikaachana nao mpaka saa nane za usiku, nikaamka nikawasha kompyuta. Kwa hiyo mtanisamehe kama kuna mahali nitapayuka.

Ilikuwa Ijumaa jioni. Turubai limeshafungwa, kina mama wanachagua mchele, vijana huko migombani wamechimba mpaka wanaonekana vichwa tu. Akaingia mzee wa kanisa na kaunta buku kwapani, kaliviringisha kwenye mfuko wa nailoni kwa sababu ya manyunyu. Akapewa kigoda. Akalowesha kidole ulimini, akafunua, akakishusha taratibu kwenye majina ya jumuiya yetu mpaka akafika.

"Jina lipo," akasema. "Ila ahadi haipo. Mwaka huu hamna, mwaka jana hamna, mwaka juzi hamna." Ahadi, yaani ile sadaka ya mwaka ambayo mtu anajiandikia mwenyewe.

Alisema kwa upole, jamani. Hilo ndilo lililonimaliza. Angefoka ningefoka. Alisema kwa sauti ile ile ya mtu anayeuliza kama chai ina sukari. Akiwapo wa kumlipia marehemu, mchungaji atakuja kesho saa saba, kengele itapigwa, kwaya itaimba. Asipokuwapo, atatumwa mtu aombe sala fupi hapo nyumbani, basi, watu wakazike.

Baba mdogo alikuwa fundi baiskeli wa njia panda. Nusu ya wanaume wa kijiji kile walijifunza kuziba pancha mbele ya kibanda chake, na pampu yake haikuwahi kuwa na bei. Akateleza siku ya mvua, akavunjika nyonga, na kibanda kikafungwa siku hiyo hiyo. Miaka mitatu kitandani. Ahadi aliyojiandikia mwenyewe enzi za uzima ilikuwa shilingi 15,000 kwa mwaka, hesabu mnaiweza. Na katika hiyo miaka mitatu, mzee wetu wa kanisa alifika kumwona mara moja. Alileta bahasha ya sadaka.

Mimi nilikuwa na hela mfukoni. Naliandika hili msije mkadhani najisafisha. Nilikuwa nazo, ila nilikuwa nimesimama nimevimba, natafuta neno kali la kumjibu, na wakati natafuta neno, Shangazi akafungua pindo la kanga. Noti za elfu moja moja na elfu mbili mbili, zimekunjwa zikawa ndogo kama vidonge. Akazinyoosha moja moja juu ya goti. Zikafika 38,000, zikaisha. Ndipo nami nikazinduka, nikaongeza 7,000.

Risiti ikaandikwa. Imepokelewa kutoka kwa: Marehemu, kisha jina lake. Kwa ajili ya: ahadi, miaka 3. Kiasi: 45,000/=. Muhuri.

Kesho yake mchungaji akashika kipaza sauti akatusomea Marko 8:36. Sitanii. "Kwa kuwa itamfaidia mtu nini kuupata ulimwengu wote, akipata hasara ya nafsi yake?" Roho moja, akapaza sauti mpaka spika zikakoroma, roho moja tu ya mwanadamu inazidi dunia nzima na vyote vilivyomo! Watu wakaitikia amina. Na mimi nikaitikia, mazoea hayo, huku risiti iko mfuko wa shati. Nikawa napiga hesabu: kama roho inazidi dunia nzima, na hiyo roho haipigiwi kengele mpaka ilipiwe 45,000, basi dunia nzima ni bei ya kutupa. Nani anaiuza? Nitakopa.

Baada ya chakula nilimfuata mzee wa kanisa kule kwenye mabeseni ya kunawia. Nilimwamkia kwanza, maana nimelelewa. Nikamuuliza, mzee, lile la jana ni sawa? Akanishika bega. "Mwanangu, roho ya baba yako iko kwa Mungu, ile hatuigusi. Sisi huku tunashughulika na taratibu za mwili tu."

Hapo ndipo ninapotaka kukaa kidogo, kwa sababu jibu hili nimelisikia misiba mingi, na kila mtu analimeza kama lina maana. Roho kule, mwili huku. Roho haina bei, ila mwili una taratibu, na taratibu zina gharama zake.

Hebu fungua Mwanzo 2:7. Mungu anafinyanga mavumbi, anapuliza pumzi puani, "mtu akawa nafsi hai". Akawa. Hakuwekewa nafsi ndani kama betri kwenye tochi. Mavumbi na pumzi kwa pamoja ndiyo hiyo nafsi, na neno ambalo Kiebrania kinatumia pale, nefeshi, ni ndugu wa damu wa hili nafsi letu tulilochukua kwa Waarabu. Sisi kwenye maongezi tunasema roho: kakata roho, ana roho mbaya, roho iko juu. Lakini Biblia yetu ya Kiswahili pale Marko 8 haikusema roho, ilisema nafsi, yaani mtu mzima mzima na nyonga yake iliyovunjika. Halafu kila Jumapili tunasimama tunakiri imani, na karibu na mwisho tunasema tunaamini mwili utafufuliwa. Mwili! Huu huu wa taratibu. Sasa ukiniambia mwili ni makaratasi tu, mwenye thamani ameshaondoka, unaweza kuwa na dini nzuri sana, ila nenda kaitafutie jina.

Na kuhusu bei. Mnapenda Malaki 3:10, ile ya kuleta zaka kamili ghalani, najua, mmeiandika mpaka kwenye bahasha. Mbona hatusomewi kitabu cha Kutoka, sura ya 30? Pale watu wanahesabiwa, na Bwana anamwambia Musa kila mtu wa miaka 20 na zaidi atoe ukombozi wa nafsi yake: nusu shekeli. Shekeli moja gera 20, kwa hiyo gera 10 kila kichwa. Kisha unakuja mstari wa 15, ambao sijawahi kuusikia ukihubiriwa tangu nibatizwe: tajiri asitoe zaidi, maskini asitoe pungufu. Soma tena polepole. Pale pale ambapo nafsi za watu zinaandikiwa kiasi cha fedha, mwenye mifugo elfu na mwenye mbuzi mmoja wanaandikiwa kile kile. Yule tajiri anakatazwa kuongeza! Angeongeza, unajua, sisi tunajuana. Angetaka jina lake lisomwe, angetaka kiti cha mbele. Sheria ikamfunga mikono, kwa sababu siku ile hapimwi uwezo wake, inahesabiwa nafsi yake, na nafsi yake hailali nzito kwenye mizani kuliko ya mchunga mbuzi.

Halafu linganisha na kwetu. Mwaka juzi alizikwa mtu hapo kijijini, sitamtaja, ambaye kanisani alionekana harusini kwake na harusini kwa wengine. Watoto wake wako mjini, wana magari. Wachungaji walikuja watano. Kwaya mbili. Mahubiri yakatuambia alikuwa nguzo. Nguzo ya nini hatukuambiwa, ila nyasi za uwanja wa kanisa ziling'olewa yakaegeshwa magari, na mwezi uliofuata kukawa na vitofali vipya. Yakobo sura ya pili aliwaona hawa zamani sana: mwenye pete ya dhahabu, keti hapa mahali pazuri, wewe maskini, simama kule.

Niliwahi kwenda Unguja na wenzangu wa kazini, tukaingia lile kanisa la Mkunazini, pale palipokuwa na soko la watumwa. Soko lilifungwa mwaka 1873, na Krismasi ya mwaka huo huo jiwe la msingi likawekwa. Altare, tuliambiwa, imesimama palipokuwa na mti wa kuchapia watu viboko. Wenzangu walikuwa wanapiga picha. Mimi kilichonishika ni huyu askofu Edward Steere, aliyesimamia ujenzi na kuzikwa humo humo nyuma ya altare, kwamba ndiye pia aliyekuwa akifasiri Agano Jipya kwa Kiswahili cha Unguja. Ebu fikiria mtu anatafuta Kiswahili cha "mtu atatoa nini badala ya nafsi yake", na watu waliomzunguka, wengine wanajua kabisa walitolewa nini, maana walikuwapo wakati bei inapatanwa.

Msinijibu kwamba kanisa ndilo lililowakomboa. Najua. Mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu walifika Bagamoyo mwaka 1868, wakanunua watoto sokoni ili wawaachie huru, wakawajengea kijiji. Nakubali, na ninakubali kwa moyo wote. Lakini hata pale aliyenunuliwa alilima mashamba ya misheni kwa kengele na kwa amri. Daftari halikuwa mbali.

Haya, najua kitakachofuata. Kanisa litaendeshwaje? Umeme nani atalipa? Sawa. Bati haliezekwi kwa zaburi. Mwinjilisti ana watoto wanasoma, zahanati ya kanisa ndiyo iliyomfunga baba mdogo ile nyonga, na wengi wetu tunaojua kusoma huku mlimani tulifundishwa chini ya paa lililonunuliwa kwa sadaka za wakulima wa kahawa. Mimi mwenyewe natoa. Sina ugomvi na sadaka. Na huyo mzee wa kanisa, ili nimtendee haki, Jumamosi alivua koti akashika koleo kufukia, na ana umri wa kukaa pembeni. Si mtu mbaya. Ametumwa na daftari.

Lakini deni la mgonjwa wa miaka mitatu linadaiwaje mbele ya jeneza lake? Muda wote huo hakuna aliyeuliza kwa nini jina halina tiki. Lingeulizwa, lingeleta watu kitandani, labda na kilo ya sukari. Likangojwa mpaka siku ambayo familia haiwezi kukataa. Muuza duka la chini pale alikuwa anamdai sabuni na mafuta ya taa. Alikuja msibani na debe la mahindi, daftari lake kaliacha nyumbani.

Wale tuliozaliwa upande wa Matengenezo ya Kanisa, yaani Waprotestanti, tuna aibu ya ziada. Kila mwisho wa Oktoba tunamkumbuka Luther na hoja zake 95 za mwaka 1517, na hoja ya 27 inawasema waliohubiri kwamba sarafu ikilia kwenye sanduku roho ya marehemu inaruka kutoka toharani, kule inakosafishwa kabla ya mbinguni. Tunacheka. Kisha tunakwenda msibani kufungua kaunta buku.

Kuna shomoro wawili wa Mathayo 10, wanauzwa senti moja. Kwa Luka 12 ni watano kwa senti mbili. Mtu yeyote aliyewahi kununua nyanya ataiona hesabu hiyo: wawili senti, wanne senti mbili, wa tano ni nyongeza. Kaongezwa tu ili mteja arudi kesho. Hana bei kabisa. Na Yesu hapo hapo anasema hata mmoja wao hasahauliwi mbele za Mungu. Nilimfikiria huyo wa tano wakati wanashusha jeneza, na kengele inapigwa kule juu, safi kabisa, imelipiwa.

Nilikuwa nataka kuimalizia hapo. Leo asubuhi Shangazi kapiga simu. Shikamoo, marahaba, watoto hawajambo, mvua huku imekata. Kisha akanyamaza, nikajua kuna jambo.

"Baba, nilikuwa naomba unisaidie ile ahadi yangu. Ya mwaka huu, na kama unaweza, ya mwaka kesho. Sitaki nije nikupe tabu."

Ana miaka 71, hajaugua hata mafua. Nimemwambia sawa, Shangazi. Nimetuma, na ya kutolea.