Msimbane mtoto miguu juu ya farasi

Sikukuu iliyopita kule ufukwe wa Pirates, Mombasa, nilimwona mtoto wa miaka kama sita akipandishwa farasi. Vikuku, vile vyuma vya kukanyagia vinavyoning'inia ubavuni mwa farasi, vilikuwa virefu, miguu haifiki. Kijana mwenye farasi akaushika mguu, kandambili na yote, akaupenyeza katikati ya ngozi zinazoning'iniza kikuku, akaubana pale. "Mama, hapa haanguki." Mama akatoa simu apige picha.

Damu ilinichemka. Mguu uliobanwa ni hatari kuliko unaoning'inia! Farasi akishtuka, hata kwa mfuko wa plastiki uliopeperushwa na upepo, hutimka kwanza. Mtoto aliye huru akiteleza, ataangukia mchanga. Aliyenaswa ataburutwa, kichwa kikigonga chini, karibu na kwato za mnyama wa kilo mia nne na ushee. Ndiyo maana wanaoijua kazi hii huvaa viatu vyenye kisigino kifupi, unyayo usipenye ukatokea upande wa pili wa kikuku. Ngozi zile zina matundu na bizimu, kama mkanda wa suruali. Zifupisheni zimfae mtoto. Zisipofaa hata tundu la mwisho, iacheni miguu ining'inie, mtu mzima mmoja aongoze farasi, mwingine atembee ubavuni akimshika mtoto.

Kofia ngumu nayo isiwe na mjadala. Najua nitaambiwa kwamba Christopher Reeve, mwigizaji wa filamu za Superman, alikuwa ameivaa mwaka 1995, farasi wake alipogoma mbele ya kiunzi, na bado alivunjika shingo akapooza. Ni kweli, haikingi shingo. Hukinga fuvu, na fuvu la mtoto likipasuka hakuna picha itakayomfariji mamake.

Mkanda unaopita tumboni mwa farasi kushikilia tandiko ukaguliwe kabla ya kila mtoto kupanda, maana hulegea. Watoto wasipitishwe nyuma ya farasi, pale haoni.

Nakubali, ingawa shingo upande, kwamba farasi wengi wa pale ni wapole na wamezoea zogo. Vijana nao wanatafuta riziki, siombi wafukuzwe. Naomba wafundishwe, na kaunti isimruhusu yeyote kupandisha watoto bila kofia za saizi yao.

Wazazi wenzangu, kabla hamjatoa hela tazameni vikuku. Mwenye farasi akianza kumbana mtoto mguu, mwambieni autoe. Akikataa, mteremsheni mtoto mwende zenu.