Watoto wa wazazi walioachana: kikundi peke yake kinatosha?

Kwa Sheria ya Ndoa ya 1971, mume na mke hupitia kwanza baraza la usuluhishi kabla ya kuomba talaka mahakamani. Watu wazima husikilizwa. Mtoto hukaa nyumbani, mara nyingi akiamini kuwa yeye ndiye chanzo cha ugomvi.

Kwa sababu hiyo naunga mkono shule za Dodoma kuwa na vikundi vya watoto ambao wazazi wao wameachana. Mjini Rochester, Marekani, JoAnne Pedro-Carroll na Emory Cowen walianzisha mpango kama huo mwanzoni mwa miaka ya 1980. Watoto wa rika moja walikutana shuleni, wakajifunza kutaja wanachohisi na kutenganisha matatizo wanayoweza kuyatatua na yale ya wakubwa. Tathmini zilionyesha wasiwasi wao umepungua na darasani wametulia. Mtoto akimsikia mwenzake akisema yaleyale anayoyaficha, hatia humpungua kwa namna ambayo nasaha za mtu mzima haziwezi.

Wanaopinga husema siri ya nyumba haianikwi. Hofu hiyo ina msingi. Katika mitaa ya Dodoma kama Nkuhungu au Chang'ombe, mwalimu na mama wa mtoto huenda wanasali pamoja, na neno lililosemwa kikundini likivuja, atakayeadhibiwa ni mtoto. Mwalimu wa malezi na unasihi asiyeweza kutunza siri asipewe kazi hii, hata kama shule haina mwingine.

Ila hoja nzito zaidi imetoka Arizona, Marekani. Watafiti walifuatilia familia 240 za wazazi walioachana: baadhi ya akina mama walihudhuria mafunzo ya malezi peke yao, wengine wakahudhuria huku watoto nao wakiwa na kikundi chao. Matokeo ya baada ya miaka sita, yaliyochapishwa 2002, yalionyesha mafunzo yaliwapunguzia watoto matatizo ya akili, lakini kuongeza kikundi cha watoto hakukuleta tofauti kubwa. Hilo halithibitishi kwamba kikundi hakifai. Linaonyesha kwamba mlezi akibadilika, sehemu kubwa ya kazi imefanyika.

Na mlezi huyo hapa kwetu ni nani? Mara nyingi ni bibi aliyeko Bahi au Mpwapwa, mama akihangaika na biashara mjini na baba akiwa hapeleki matunzo. Wengi wameachana bila karatasi yoyote ya talaka, kwa hiyo mabaraza hayawafikii. Afisa ustawi wa jamii aanze na hao bibi, awaite pamoja na wazazi wanaopatikana, kisha kikundi cha watoto kifuate, nacho kisipewe jina lenye neno talaka.