Sifuri Eksi

"Njomba, kilo zangu ziko wapi?"

Ndivyo asubuhi ilivyoanza ghalani kwa chama chetu cha msingi, huko Newala, msimu wa korosho umepamba moto. Bibi kashika kikaratasi kilichotoka mashineni sasa hivi. Jina lake sawa. Magunia manne, sawa. Penye kilo, palipotakiwa sifuri mpaka apimiwe, pameandikwa "property object at 0x7f" na mkia mrefu wa herufi na tarakimu.

Mjukuu wake wa kidato cha pili akajitolea kutafsiri. "Property ni mali, bibi. Object ni kitu. Halafu hapa umepewa sifuri, ukapigwa na eksi."

"Mali yangu sifuri, na eksi juu?"

Programu inayotoa vikaratasi niliiandika mimi, na kosa nililifanya usiku wa kuamkia siku hiyo. Kijana wa mizani alikuwa akiandika 806 mahali pa 80.6, nikataka kila anayegusa kilo aache alama kwenye daftari la programu. Nilikuwa nimetumia dataklasi, aina ya klasi (kiolezo cha taarifa za kila mkulima), zile zilizoingia lugha ya programu ya Python, toleo la 3.7, mwaka 2018: unataja sehemu zako na thamani za kuanzia, mengine yanajiandika yenyewe. Nikauacha mstari wa kilo na sifuri yake, chini yake, kwa jina lilelile la kilo, nikaweka propati, yaani thamani inayolindwa na maagizo yangu, yenye seta, mlinzi anayepokea kila thamani mpya na kuacha alama. Nikajaribu mara tatu, kila mara nikitia kilo kwa mkono wangu. Ikakubali. Nikalala kama aliyekwishauza korosho.

Kumbe ndani ya klasi majina mawili yakigongana, la chini linaling'oa la juu. Sifuri yangu haikuwepo tena. Dataklasi ilipokwenda kutafuta thamani ya kuanzia, ikamkuta propati kakaa pale, ikambeba yeye. Mkulima ambaye hajapimiwa, seta anakabidhiwa propati nzima nzima kama ndiyo kilo, naye anaipokea bila swali. Mlinzi wa ghala kapanda mizani mwenyewe!

Na propati ni moja tu kwa klasi nzima, na ile 0x7f na mkia wake ni anwani yake kwenye kumbukumbu ya kompyuta. Basi foleni yote ilishika vikaratasi vyenye kilo zinazofanana herufi kwa herufi, na hilo waligundua kabla yangu.

"Mie magunia kumi na moja, huyu mawili, tumelingana vipi?"

Karani akanitazama. Mimi nikatazama mabati.

Njia safi ni kuibandika propati nje ya klasi, dataklasi ikishamaliza kazi yake. Lakini nani wa kutafuta usafi akiwa amezungukwa hivyo? Nikaongeza mstari ndani ya seta: ikija propati, weka sifuri. Mbaya kuutazama, ila ukafanya kazi.

Bibi akapimiwa, akaridhika. Kikaratasi cha kwanza akagoma kukirudisha, akakifunga kwenye pindo la kanga. Siku hizi nikimkuta stendi namwamkia.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, njomba. Ile mali yangu ya sifuri eksi, unalipa lini?"