Likizo, Eti

Anayeita safari ya watoto wadogo likizo, huyo hajawahi kubeba mizigo yake. Mimi nimebeba. Mgongo mpaka leo unanisimulia.

Mkubwa ana miaka 3, mdogo mwaka 1 na nusu. Mama watoto akaniambia, "Baba, twende hata wiki moja tukabadilishe hewa." Nikaitikia kabla sijafikiri, maana ndoa yangu imedumu kwa njia hiyo.

Tukaanza kufungasha. Jamani, mtu ambaye hafiki hata usawa wa meza ana mizigo kumshinda bwana harusi! Nepi, nguo za kubadilisha, nguo za akiba zile za kubadilisha zikichafuka, kigari, poti, dawa ya homa, kofia 3 ambazo hakukubali kuvaa hata moja. Suruali zangu 2 zilisafiri zimefutikwa katikati ya nepi kama wakimbizi. Halafu kuna Sungura. Sungura ni mdoli wa kitambaa, sikio lake moja limenyonywa mpaka limegeuka rangi, na bila yeye mdogo halali. Pasipoti niliikagua mara moja. Sungura nilimkagua mara 4.

Mtoto ambaye hajafikisha miaka 2 huruhusiwa kupakatwa ndani ya ndege, hakatiwi kiti chake. Nilivyosikia hivyo nilijiona mjanja. Ujanja wenyewe uliisha tulipofunga mikanda. Nilidhani nimempakata mtoto, kumbe nimempakata pweza. Mkono huku unavuta miwani yangu, mguu kule unapiga kiti cha mbele. Bwana aliyekaa mbele aligeuka mara ya kwanza akatabasamu. Mara ya pili akageuka tu.

Tulishaambiwa kwamba ndege ikianza kushuka, shinikizo la hewa hubadilika na masikio huziba, hivyo mtoto apewe kitu cha kunyonya. Akimeza mate, masikio yanafunguka. Vizuri. Nikaandaa chupa ya maziwa, nikailinda kama mboni ya jicho. Tukiwa bado angani, hata mawingu hatujayagusa, nikapitiwa na usingizi kidogo. Nikashtuliwa na tangazo la rubani kwamba tunaanza kushuka. Chupa tupu. Mdogo ananiangalia, ameshiba, na maziwa yamemchora masharubu. Kilichofuata abiria wenzangu wanakijua, sina haja ya kukirudia.

Tukafika. Bahari hiyo, ya buluu, iko mbele ya dirisha! Tukawapeleka ufukweni mbio. Nikamshusha mdogo mchangani. Miguu ilipogusa tu, akaikunja yote miwili tumboni kama ndege inayopandisha magurudumu. Nikamshusha tena, akaikunja tena. Basi nikasimama ufukweni nimemning'iniza, jua la utosi, watu wanatuzunguka. Mkubwa yeye alionja mchanga, akaona una ladha, akaendelea.

Mnajua walichokipenda? Lifti. Tumesafiri umbali wote ule, bahari ipo, bwawa lipo, wao wanataka lifti. Mkubwa alikuwa anabonyeza vitufe vyote, kuanzia cha chini mpaka cha juu kabisa, halafu mlango ukifunguka kila ghorofa anawapungia mkono watu wasiokuwepo. Nilifanya kazi ya uendeshaji lifti siku 6 mfululizo bila mshahara. Kuna mzee mmoja alikuwa akituona tumo ndani, anachukua ngazi.

Usiku ndiyo habari yenyewe. Wataalamu wanasema mtoto wa umri wa huyu wangu mdogo anahitaji kulala saa 11 hadi 14 kwa siku, ukijumlisha na usingizi wa mchana. Wangu anazihitaji kweli, ila anataka kuzilala ndani ya gari, dakika 5 kabla hatujafika tunakokwenda. Kitandani hataki. Tunambembeleza, tunaimba, Sungura anapigwa mabusu, hatimaye saa 3 usiku wote wawili wamelala. Chumba ni kimoja. Ukiwasha taa wanaamka, ukiwasha televisheni wanaamka, ukikohoa ndiyo kabisa. Sasa watu wazima wawili waende wapi?

Chooni.

Nawaambia kweli, mimi na mama watoto tulikaa juu ya sakafu ya choo, miguu tumekunja, tunanong'ona kama wezi wanaogawana mali. Chumba tulilipia zaidi kwa sababu kinatazama bahari. Sisi tulitazama vigae. Nilivihesabu, ukuta wa sinki una 84. Chakula chetu kilikuwa biskuti za watoto, na karatasi ya biskuti ikifunguliwa usiku, sijui nani aliitengeneza, inalia kama moto wa kuni mbichi. Nikawa naichana polepole, nukta kwa nukta. Mama watoto kanishika mkono. Tumeziba pumzi. Kule chumbani kimya... halafu sauti ndogo, imechangamka kabisa: "Baba, na mimi."

Ilikuwa saa 5 usiku. Tukaenda lifti.

Sasa tumerudi nyumbani, ambako hatuna ghorofa hata moja. Kila jioni mkubwa anasimama mbele ya kabati la nguo, anabonyeza kitasa, anasubiri. Jana nikamwambia, "Mwanangu, hili halipandi." Akaniangalia toka juu mpaka chini kama anavyoangaliwa fundi mbovu, kisha akamwita mama yake.