Monowi: mkazi mmoja, sensa ikasema wawili

Matokeo ya sensa ya Marekani ya mwaka 2020 yalipotoka, kijiji cha Monowi, kaskazini mwa jimbo la Nebraska, kiliandikiwa wakazi wawili. Mkazi wake pekee, bibi wa miaka themanini na ushei, akashangaa: huyo wa pili ni nani, mbona yeye hamjui?

Karani hakukosea. Idara ya Sensa ilizitia chumvi takwimu hizo kwa makusudi. Sheria inaikataza kufichua habari za mtu mmoja mmoja, na kompyuta za leo zinaweza kuunganisha majedwali ya umri, jinsia na rangi na orodha za kibiashara mpaka mtu akajulikana. Idara ilijijaribu kwa takwimu za 2010, ikaona watu kama 17 katika kila 100 wangeweza kutambulika. Ndipo idadi za vijiji zikaongezwa au kupunguzwa kidogo. Jumla za majimbo zikaachwa kama zilivyohesabiwa.

Monowi ilipimwa viwanja mwaka 1902, reli ilipofika. Miaka ya 1930 ilikuwa na watu wapatao 150. Baadaye mashamba yakahitaji mikono michache, vijana wakahamia mijini, shule ikafungwa 1974. Sensa ya 2000 ilikuta mume na mke tu. Mume akafariki 2004, na 2010 ikaandikwa 1. Mjane akawa meya, karani na mweka hazina: leseni ya baa yake anaiomba kwake na kuisaini mwenyewe, na kodi ya taa za barabarani anajitoza. Karibu na baa kuna kibanda chenye vitabu kama 5,000 vya marehemu, ndiyo maktaba ya kijiji.

Wanaoitetea Idara wana hoja nzito, na wala hawaogopi kivuli. Wakati wa Vita Kuu ya Pili takwimu za sensa zilisaidia kuwakusanya Wamarekani wenye asili ya Japani na kuwapeleka kambini. Mwaka 1943 yalitolewa hata majina ya waliokuwa Washington. Familia moja ya wahamiaji katika kijiji cha watu 200 haina pa kujificha kwenye jedwali.

Lakini gharama wanaibeba wadogo. Watu watano wakizidi au kupungua Chicago, nani atajua? Kwenye kijiji cha watu 40 hiyo ni habari nyingine kabisa, hasa hesabu hizo zinapotumika kugawa fedha na kupanga huduma. Jimbo la Alabama lilikwenda mahakamani mwaka 2021 kupinga utaratibu huu, likashindwa.

Mimi nakubali chumvi kwenye umri na rangi. Jumla ya wakazi wa kijiji chenye serikali yake ingeachwa ilivyo. Najua nitajibiwa kwamba kwa Monowi jumla ndiyo mtu mwenyewe: ukishasema 1, kila safu inayofuata inamhusu bibi yule. Ni kweli, ila kibao cha barabarani kilikwishamtangaza: Monowi 1. Aliyelindwa hapa simwoni, ila mtafiti wa kesho atakayekuta 2, 1, kisha 2, namwona akiandika kwamba kuna mtu alihamia.

Fomu zenyewe hufungwa miaka 72. Za 2020 zitafunguliwa 2092.