Si simu iliyovishwa ganda gumu
Mwandishi wa makala kuhusu kifaa ambacho askari hukitumia kuandika ujumbe na kuurusha kwa redio ameeleza vizuri jinsi kinavyostahimili vumbi na maji, lakini kusema kwamba ni simu tu iliyovishwa ganda gumu ni kukipunja. Thamani yake iko kwenye kufupisha muda ambao redio inakaa hewani, yaani inarusha mawimbi.

Chukua ujumbe wa herufi 200. Kwa biti 8 (alama za 0 na 1) kila herufi, hizo ni biti 1,600. Modemu (kifaa kinachogeuza biti kuwa mawimbi ya redio) ya mawimbi mafupi yenye kasi ya biti 2,400 kwa sekunde huzirusha kwa chini ya sekunde moja, ukiacha muda wa modemu mbili kupatana na biti za kusahihisha makosa. Mtu akiusoma kwa sauti, huku akirudia tarakimu za ramani, anaweza kuchukua dakika nzima, na muda wote huo adui anatafuta mawimbi yanatoka wapi! Mawimbi yakianza kupita kwa shida, kasi hushushwa hadi biti 75 kwa sekunde. Ujumbe uleule utachukua kama sekunde 21, lakini utafika hata pale ambapo sauti haieleweki tena. Makala haikuligusa hili, nami naona ndilo kubwa kuliko yote.

Kuhusu skrini ya kugusa, ambayo mwandishi anaipendelea, sikubaliani naye. Askari amevaa glavu zilizolowa, ni usiku, na mwanga wa skrini unaweza kumfichua. Mpe vitufe anavyoweza kuvipapasa gizani, pamoja na fomu iliyoandaliwa tayari ya kuomba majeruhi wachukuliwe.